Siku 15 za Kanyabayonga

Tarehe 28 Juni 2024, mji wa Kanyabayonga, Kivu Kaskazini, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wiki moja baadaye Marekani ikatangaza "trêve" ya kibinadamu ya siku 15, kuanzia tarehe 5 Julai. Nilikuwa Butembo, katika nyumba iliyopokea familia tatu zilizokimbia kutoka Kanyabayonga. Habari ilipofika sebuleni kwa Kiswahili, ilikuwa fupi: mapigano yamesitishwa. Mama mmoja, ambaye maharage yake yalikuwa yamekaukia shambani, akauliza: yamesitishwa mpaka lini, na nani amekubali? Walikuwepo vijana wawili wenye diploma ya uhusiano wa kimataifa. Wote wawili waliinamia simu zao.

Toleo hili limetokana na swali la mama yule.

Kila mwaka vijana wetu hupanda gari la Kasindi, jalada la diploma limefungwa kwenye nailoni, wavuke mpaka wa Mpondwe wakasome masta Kampala au Nairobi. Wachache hupata bursa ya Ulaya. Sipingi safari hiyo. Natamani wangeenda wengi zaidi. Ninachodai ni kwamba mtoto wa Kanyabayonga akifika huko, aisome Kanyabayonga. Wengi huchagua kuandika tasnifu juu ya Ukraine au Umoja wa Ulaya, kwa kuwa ndiko vitabu vilikojaa na ndiko profesa anakokujua. Mgeni anayeogopa kufeli hushika njia iliyokwisha kufyekwa. Namwelewa kabisa, lakini hasara yake tunaibeba sisi.

Tazama yaliyofuata. Tarehe 30 Julai 2024, mjini Luanda, Kongo na Rwanda zilikubaliana kusimamisha vita kuanzia tarehe 4 Agosti. M23, iliyokuwa imekaa Kanyabayonga, haikutia sahihi. Desemba mapigano yakapanda kaskazini hadi Alimbongo. Mkataba wa Washington ulikuja tarehe 27 Juni 2025, ikisalia siku moja mwaka utimie tangu mji uanguke, na wenyewe pia ulikuwa wa serikali mbili. M23 walikuwa na meza yao na serikali ya Kongo huko Doha, ambako tamko la kanuni lilisainiwa tarehe 19 Julai. Mtu aliyesomea diplomasia anajua kwa nini meza ni mbili, na nini hakiwezi kudaiwa kwenye ipi. Anajua kwamba "trêve" ina siku yake ya mwisho, kwamba "cessez-le-feu" inahitaji wachunguzi wa kusema nani amekiuka, na kwamba mkataba wa amani ni jambo jingine tena. Kiswahili chetu cha kila siku kinayaita yote kusitisha vita. Mama yule alistahili kuambiwa: ni siku 15 tu, imetangazwa na Marekani, serikali mbili zimeiunga mkono, pima mwenyewe kabla ya kushika njia ya shamba.

Mahali pa kusomea napo pana uzito. Brussels inafaa sana kwa anayetaka kuchimba historia ya mipaka: ndiko Mei 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikokubaliana wapi ardhi hii ikatwe. Lakini mwanangu mwenyewe ningempeleka kwanza Kurasini, Dar es Salaam. Chuo cha Diplomasia cha pale kilianzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru na iliyojua bei ya kukosa watu wa kuketi mezani. Huko kijana wetu atabishana juu ya vita vya Kivu kwa Kiswahili, na watu ambao serikali zao zimo pamoja na yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na ambao baadhi yao wametuletea askari. Maneno tunayoyakosa yatazaliwa kwenye mabishano hayo.

Basi tumewaomba wanafunzi wetu walioko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kila mmoja atuandikie ukurasa mmoja kwa Kiswahili juu ya mkataba mmoja unaotuhusu: nani amesaini, ameahidi nini, mpaka lini. Kurasa za kwanza zinaanza katika toleo hili. Kila moja tuliisoma kwa sauti katika nyumba ile ile ya Butembo kabla ya kuipeleka mtamboni. Mbili tulizirudisha ziandikwe upya, kwa sababu mama wa maharage alisema bado hajajua kama aende.