Gari la kale ni tiba, lakini lisimuue fundi wako

KAMA umewahi kusimama kando ya barabara ukasikia mngurumo wa Volkswagen ya kale, ile yenye umbo la kobe, najua uligeuka kuitazama. Mzee hugeuka kwa sababu inamkumbusha ujana wake. Mtoto naye hugeuka kwa sababu hajawahi kuona gari linalocheka.

Mimi niligeuka, nikashindwa kuendelea na safari yangu. Miaka sita iliyopita daktari alinipima presha, akatikisa kichwa, kisha akaniagiza mambo matatu: nimeze dawa bila kukosa, nipunguze chumvi, na nitafute shughuli ya kunitoa kitini na kunisahaulisha ofisi. Mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu lilinisumbua hadi siku nilipoliona gari la jirani, Volkswagen ya mwaka wa 1968, limewekwa juu ya mawe huku kuku wakitaga ndani yake. Nililinunua. Mama watoto aliniuliza kama daktari alikuwa ameniandikia dawa au vyuma vikuukuu.

Gari hili si geni kwetu. Lilibuniwa Ujerumani miaka ya 1930, na baada ya vita kwisha mwaka wa 1945 kiwanda chake mjini Wolfsburg kilifufuliwa chini ya usimamizi wa afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst. La mwisho lilitoka kiwandani huko Mexico mnamo Julai 2003, wakati ambapo zaidi ya milioni 21 yalikuwa yameshaundwa. Hapa Afrika Mashariki, matope na vumbi vya mbio za Safari havikulishinda: lilitwaa ushindi mwaka wa 1954, likarudia 1957 na 1962.

Uzuri wake kwa mtu anayejifunza ni kwamba halina siri nyingi. Injini iko nyuma, haina rejeta wala maji, inapozwa kwa upepo tu. Imeshikiliwa na boliti nne kubwa, na ukizifungua na kuondoa nyaya na mipira yake, yote hushuka chini. Oili yake ni lita mbili na nusu, nami huibadilisha kila baada ya kilomita 5,000. Mtu mwenye spana chache na subira nyingi anaweza kuielewa.

Na hapo ndipo penye tiba. Ukiinama juu ya kabureta iliyoziba, huwezi wakati huo huo kuwazia karo, kodi ya nyumba na bosi. Mikono ina kazi, macho yana kazi, akili imetulia mahali pamoja. Unachuchumaa, unasimama, unasukuma, unatoka jasho. Vijana wa mtaani wanakuja kuuliza maswali, wazee wanakuja kusimulia, nawe uliyekuwa hujui jina la jirani wa nyumba ya tatu unajikuta unanywa naye chai. Mtu aliyestaafu, ambaye jana alikuwa na ofisi na leo hana pa kwenda asubuhi, anapata sababu ya kuamka. Sisemi kwamba gari hushusha presha. Dawa zangu ningali nazimeza kila siku. Nasema kwamba limenipa sababu ya kutaka kuishi.

Lakini msomaji wangu, kizuri hakikosi ila, na ila ya raha hii nimeiona kwa macho yangu.

Mwaka wa pili wa kazi yetu, tanki la petroli lilikuwa limeoza kwa kutu na ilibidi lishuke. Fundi wangu wa jua kali alikuwa na mwanagenzi, kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Akachukua kipande cha mpira, akatia ncha moja tankini na nyingine mdomoni, akafyonza. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mikono mfukoni. Sikusema neno, kwa kuwa nimeona mambo hayo tangu utotoni. Kijana akapaliwa. Akakohoa, akacheka, akasukutua mdomo kwa maji. Usiku ule alishindwa kupumua. Alilazwa hospitalini siku tisa, mapafu yakiwa yamevimba kwa petroli, na kila nilipokwenda kumwona mama yake aliniamkia kwa heshima ambayo sikuistahili.

Alipona, tumshukuru Mungu. Nami tangu siku ile nina msimamo mmoja ambao ndio sababu ya kuandika makala haya: mwenye gari la kale ndiye mwenye dhamana ya afya ya kila mkono unaoligusa. Haitoshi kusema "fundi anajua kazi yake". Fundi ana njaa, na mwenye njaa hachagui njia. Ukiweza kutumia maelfu ya shilingi kutafuta taa ya asili kule Kirinyaga Road, unaweza pia kununua pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia petroli. Na ikiwa mtu ameshameza petroli, usimlazimishe kutapika, maana ikipanda tena ndipo hupata nafasi ya kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini, hata kama anacheka.

Hebu tutazame mazoea mengine tuliyoyarithi.

La kwanza ni kupuliza vumbi la breki. Fundi akifungua ngoma ya breki hupuliza kwa mdomo au kwa pampu ya upepo, wingu jeusi likapanda. Viatu vya breki na sahani za klachi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Ujerumani yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 1993, lakini gari lako lilitoka kabla ya hapo, na huenda vipuri vyake vya kale vingali ndani. Nyuzi za asbesto hukaa mapafuni kimya, na saratani yake huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Mwanagenzi wa leo atakohoa akiwa babu, wala hakuna atakayekumbuka gari lako. Dawa yake ni rahisi: lowesha vumbi kwa maji, lifute kwa kitambaa chenye majimaji, kitie kitambaa hicho ndani ya mfuko na uufunge. Usipulize, usifagie pakavu.

La pili ni kunawa mikono kwa petroli. Petroli ina benzini, na benzini ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya damu. Aidha hukausha ngozi ikapasuka, kisha oili chafu ikapata mlango. Oili iliyokwisha kutumika nayo si ya kuchezewa, kwani ikizoea kukaa kwenye ngozi miaka na miaka huweza kuleta saratani. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na ovaroli yako isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

La tatu ni msasa na rangi. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, yaani ile ledi iliyokuwa pia katika petroli yetu hadi miaka ya katikati ya 2000. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo unaokua. Basi piga msasa wa maji, si mkavu, na watoto wakae mbali. Rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kugandisha nazo huweza kumtia mpigaji pumu ya maisha. Leso iliyofungwa puani haizuii mvuke huo. Mpeleke mtu mwenye chumba na vifaa vinavyofaa, ulipe.

La nne ni moshi. Sote tumesoma habari za familia zilizolala na jiko la makaa ndani zikakutwa asubuhi zimekufa. Gesi ile ile, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, hutoka kwenye ekzosi. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Na kwa Volkswagen hii kuna hatari ya ziada: joto la kuwapasha abiria hupatikana kwa kupitisha hewa kando ya mabomba ya moshi. Mabomba yakila kutu, moshi unaingia ndani ya gari pamoja na joto. Ukiumwa kichwa kila ukiendesha asubuhi ya Julai, usikimbilie vidonge. Fungua madirisha, kisha ukague mabomba.

Lipo pia la moto. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Mtu mzito akikaa na kifuniko hakipo, springi za kiti hugusa vichwa vya betri na cheche huruka. Mipira ya petroli nayo hupita juu ya injini yenye joto, na ikizeeka hupasuka. Badilisha mipira hiyo kabla hujawaza rangi. Bloku ya injini ni ya aloi ya magnesiamu, na madini hayo yakishika moto, maji huuchochea. Kwa hiyo weka kizimamoto cha unga karibu, zima moto ungali mchanga, na ukikushinda kimbia.

Tena, kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma pande zote mbili. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Na kabla ya kumpakia mkeo na wajukuu, funga mikanda ya usalama. Sehemu ya mbele ya gari hili ni tanki na gurudumu la akiba, haina injini ya kupokea kishindo kwa niaba yako.

Najua kuna watakaosema, "Baba zetu walifanya yote haya na walizeeka." Baadhi walizeeka, ndiyo. Wengine walikufa wakikohoa, tukasema ni kifua kikuu au ni kurogwa. Hatukuuliza walikuwa wakifanya kazi gani.

Neno la mwisho ni la mfuko. Kutu haiishi, na vipuri ni ghali. Weka kiasi maalumu cha kila mwezi, na kikiisha, funga boneti usubiri mwezi ujao. Gari lililokula karo litakurudishia presha ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Langu hutoka nje Jumapili asubuhi. Kijana yule sasa ana gereji yake ndogo, na ndiye anayelitengeneza. Ukutani ametundika glavu, miwani na pampu ya mkono. Mteja akimharakisha afyonze kwa mdomo, humwonyesha mlango.