Aliyekata Tamaa Afunguliwe Daftari

Chini ya kitanda cha dada mmoja wa Mbagala kuna katoni mbili za sabuni na dawa ya meno ya mitishamba. Alizinunua ili atimize pointi za mwezi asishuke daraja. Miezi saba tangu ajiunge na biashara ya mtandao, aliacha kwenda semina, akaacha na kujibu ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Aplaini wake, yaani mama aliyemsajili, akamtumia sauti tatu asubuhi moja: usikate tamaa, ndoto yako ni kubwa kuliko changamoto, walioacha jana leo wanajuta.

Nilizisikiliza zote. Zilisemwa kwa upendo, na nia ya yule mama siitilii shaka. Ila hakuna hata moja iliyouliza: mdogo wangu, mwezi huu umeuza nini, na nani kanunua?

Tukakaa na daftari. Bidhaa shilingi 620,000, nauli na viingilio vya semina 140,000, bando 70,000. Mauzo na kamisheni, vyote pamoja, 435,000. Pengo ni 395,000. Dada aliitazama ile jumla kwa muda, kisha akasema, "Kumbe si uvivu." Miezi yote hiyo aliamini kwamba tatizo ni yeye.

Kwenye timu hizi, kuvunjika moyo hutibiwa kwa hamasa tu. Yupo kweli anayeogopa kubisha hodi, anayeona haya kutaja bei. Huyo usimhubirie, ongozana naye Jumamosi moja, akuone wewe ukikataliwa na ukiendelea. Biashara yoyote ina miezi yake migumu, hata genge la nyanya. Lakini aliyevunjwa moyo na hesabu zenyewe, ukimhimiza aagize mzigo mwingine unamwongezea deni.

Tena aplaini hula kamisheni kwenye mzigo wa mtu wake. Anaposema "vumilia", anasema pia kwa faida yake, hata kama hajakusudia. Ndiyo maana naona si haki amhimize mtu bila kumwonyesha daftari lake yeye aplaini: kilichobaki mkononi baada ya nauli, bando na mzigo, si ile picha ya hundi jukwaani.

Si kila biashara ya aina hii ni upatu. DECI ya hapa Tanzania mwaka 2009, iliyowataka watu wapande "mbegu" ya fedha wavune bila bidhaa yoyote kuuzwa, ilikuwa jambo jingine. Huko Marekani, mwaka 1979, tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa upatu, na sababu mojawapo ilikuwa kanuni zake: msambazaji auze walau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja kumi wa rejareja kila mwezi, na anayejitoa arudishiwe fedha za bidhaa zilizobaki zikiwa bado zinauzika. Mwaka 2016 kampuni nyingine ya aina hii, Herbalife, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kufungamanisha malipo na mauzo halisi kwa wateja. Na mwaka 2024 watumishi wa tume hiyo walipitia taarifa 70 za mapato ya kampuni za namna hii. Washiriki wengi walikuwa wakipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, mara nyingi kabla ya kutoa gharama.

Mimi ile kanuni ya Amway ya kurudisha mzigo ndiyo ninayoiona msaada wa kweli kwa aliyechoka. Mtu aweze kutoka bila hasara yote kumwangukia, bila kuondolewa kwenye kundi usiku, bila kuitwa mwenye fikra hasi.

Yule mama nilimpelekea daftari. Alilisoma kimya, akauliza nauli imefikaje huko, nikamwonyesha tarehe za semina. Siku ya pili alikuja Mbagala, akachukua katoni moja akaiuze yeye na kumlipa dada fedha yake. Ya pili bado iko chini ya kitanda. Muda wake wa matumizi unaisha Machi.