Seva Mpya Ipo, Jina Halionekani

Safu ya wiki hii tumeitenga kwa jambo ambalo huenda likaonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Siku hizi zipo madrasa, shule na maduka ya ukoo ambayo hesabu zake zimo katika kompyuta, na mwenye kompyuta tatu au nne huenda akawa na seva, yaani mashine moja inayohifadhi majalada ya wote. Mashine hiyo huzeeka, hununuliwa nyingine, na majalada huhamishwa. Katika kuhama huko ndipo watu wengi hulipia ubovu usiokuwepo.

Katika ofisi ya kamati yetu seva ilibadilishwa mwisho wa juma. Ya zamani iliitwa “daftari”, na ndani yake mlikuwa na karo za wanafunzi, hesabu za maji na umeme, na orodha ya walezi wa mayatima ambao hufika kila Alhamisi kupokea posho. Mpya ilirithi jina hilo hilo, lakini ikapewa namba nyingine. Alhamisi iliyofuata karani alibofya jalada la orodha, akajibiwa kwamba “daftari” haipatikani. Walezi walikwisha kukaa barazani. Bibi mmoja, aliyekuja kwa miguu pamoja na mjukuu wake, alipoambiwa kuwa orodha haionekani aliuliza, “Mwanangu, mmelifuta jina langu?” Hakuna aliyefutwa, ila hapakuwa na cha kumwonyesha.

Fundi wa kwanza kuitwa aliona kurasa za intaneti zinafunguka na barua pepe zinaingia kama kawaida. Akahukumu: mtandao ni mzima, basi ubovu umo ndani ya seva, ifutwe, ipangwe upya. Gharama aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula ya wanafunzi kumi.

Hukumu hiyo ina sura ya ukweli, na ndiyo maana inapotosha. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, mfano 192.168.1.20. Majina tumewekewa sisi wanadamu tunaoshindwa kukariri namba. Kila unapoandika jina, kompyuta kwanza humwendea mjuzi wa majina na kumwuliza: aitwaye hivi yuko namba ngapi? Utaratibu huo wa kuulizana hujulikana kwa herufi tatu, DNS. Zamani, katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, majina yote yalikuwa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi ya SRI huko California, ambako Elizabeth Feinler na wenzake walisajili kila mashine mpya. Kila kituo kilijichukulia nakala yake. Mashine zilipozidi, nakala zikawa zinapitwa na wakati upesi, ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni DNS, ambamo kila mahali hutunza majina yake na wengine huja kuuliza.

Kila mahali hutunza majina yake: hapo ndipo ilipokuwa siri ya ile Alhamisi. Kompyuta za ofisi hupewa na ruta namba za wajuzi wawili. Wa kwanza alikuwa seva ya zamani, ambayo sasa imezimwa. Wa pili alikuwa mjuzi wa nje, anayezijua tovuti za dunia nzima lakini asiijue “daftari” iliyo chumba cha pili. Wa kwanza asipojibu, kompyuta humwendea wa pili, naye hujibu kwa uaminifu kabisa kwamba jina hilo halipo. Kwa hiyo intaneti ilifanya kazi, orodha haikupatikana, na seva mpya ilikuwa nzima muda wote.

Kipimo chake hakigharimu hata shilingi moja. Katika dirisha la amri andika ping ikifuatiwa na namba ya seva, kisha ping ikifuatiwa na jina lake. Namba ikijibu na jina lisijibu, seva i hai na njia i wazi; kilichopotea ni anwani tu. (Zote mbili zikinyamaza, hilo ni suala jingine.) Tena majalada hufunguka kwa namba hata kabla ya matengenezo, kwa kuandika \\192.168.1.20 mahali pa jina. Hivyo ndivyo karani alivyoifungua orodha, na walezi wakapokea posho yao kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, sisi tunaona ofisi inayogawa haki za watu haina udhuru wa kukosa orodha iliyochapwa kwenye karatasi.

Amri ya pili ni nslookup pamoja na jina. Hiyo hutaja kwanza nani ameulizwa, ndipo jibu lake. Mafundi wengi hukimbilia jibu na kuupita mstari wa aliyeulizwa. Kwetu mstari huo ulitaja namba ya seva iliyozimwa.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Ruta ilielekezwa kutoa namba ya seva mpya peke yake, na seva ikapangwa kuyapeleka nje maswali isiyoyajua. Wapo wanaoshauri mjuzi wa nje abaki wa pili kwa ajili ya tahadhari. Tunalipinga hilo, kwani huyo ndiye aliyetujibu kuwa “daftari” haipo. Kisha kompyuta ziliwashwa upya, na kwa ipconfig /flushdns zikasahauliwa majibu ya zamani.

Ya mhasibu peke yake iligoma. Ndani ya kila kompyuta mngali na faili liitwalo hosts, mrithi wa lile faili la California, nalo husomwa kabla mjuzi yeyote hajaulizwa. Humo mtu fulani aliandika, miaka iliyopita, jina la “daftari” na namba yake ya zamani. Mstari ulifutwa. Printa nayo ilikuwa ikituma nakala kwenye namba ya zamani. Hilo lilichukua dakika tano.

Anayehamisha tovuti au barua pepe za taasisi ana jambo moja zaidi. Wajuzi wa nje huweka jibu lako kwa muda ulioandikwa kwa sekunde, na 86400 ni siku nzima. Punguza hadi 300 walau siku moja kabla ya kuhama, maana ukipunguza siku yenyewe, waliokwisha kulichukua jibu la zamani watabaki nalo hadi muda wake uishe. Na seva ya zamani iache ikiwaka siku kadhaa, hata kama chumba ni kidogo na umeme ni ghali.