Jaji wa Rufani na Mchoraji wa Karatasi ya Kura

Safu ya Jumamosi, na Athumani Makame

Katika mambo ya Marekani yanayowastaajabisha watu wa kwetu, waliozoea kuona jaji akiteuliwa na mkuu wa dola na kuapishwa mbele yake, sioni lililo ajabu kuliko hili: kwamba majaji wa serikali ya shirikisho, ambao Rais huwateua na Seneti huwaidhinisha, hukaa vitini mwao maisha yao yote bila kumwomba mtu kura, ilhali katika majimbo mengi ya nchi hiyo hiyo jaji wa rufani hana budi kutundika mabango, kushikana mikono na watu kanisani na sokoni, na kuwania kiti chake siku ile ile wanayowaniana magavana na wabunge. Desturi hii ni kongwe. Mississippi iliwaweka majaji wake wote chini ya kura mwaka 1832, New York ikafuata 1846, na mengine mengi baada yake; wala huja ya watu wa zama zile haikuwa ya kipuuzi, kwani walikuwa wamechoka kuona magavana na mabunge yakigawa ujaji kwa jamaa na sahibu, wakasema heri jaji awe na deni kwa umma kuliko kuwa na deni kwa mtu mmoja.

Sikusudii kuzungumza juu ya mahakama za juu kabisa, ambazo habari zake hujaa magazetini, bali juu ya zile za katikati, zilizo baina ya jaji wa kwanza aliyeisikiliza kesi na mahakama ya mwisho ya jimbo. Majimbo yapatayo 40 yanazo, na West Virginia iliifungua yake juzi tu, Julai 2022. Msomaji wa Kenya atalielewa jambo hili kwa wepesi, kwa kuwa tangu Katiba ya 2010 Mahakama yake ya Rufaa inayo nyingine juu yake. Wa Tanzania itambidi afikiri kidogo, maana kwake yeye rufani ndiyo kilele. Lakini neno hilo katikati lisimghuri mtu. Mahakama ya juu ya jimbo aghalabu hujichagulia yenyewe kesi za kusikiliza, nazo huwa chache, hata aliyeshindwa katika daraja la kati, awe mjane anayegombea shamba au mfungwa anayedai kuwa shahidi alisema uongo, mara nyingi huwa hana tena pa kwenda. Huko North Carolina, mtu aliyeshindwa mbele ya jopo la majaji watatu waliogawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, alikuwa na haki ya kwenda juu bila ya kuomba ruhusa. Sheria ya mwaka 2023 ikaifuta haki hiyo, na neno la wale wawili likazidi uzito.

Basi mwenye nguvu kiasi hicho ndiye asiyejulikana. Gavana hujulikana kwa sura, mbunge kwa ahadi zake, na hata jaji wa mahakama ya chini hujulikana na wale waliopata kusimama mbele yake. Ama jaji wa rufani hana shahidi wala mshtakiwa anayemkabili, kazi yake ni kusoma majalada, kuwasikiliza mawakili kwa muda mfupi, kisha kuandika hukumu itakayosomwa na mawakili wengine. Mpiga kura akiisha kuwachagua wakubwa, akashuka chini ya karatasi na kukuta majina ambayo maishani mwake hakupata kuyasikia, hushika alama yoyote aionayo: chama, utangulizi wa jina, au kabila linalodokezwa na jina hilo. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba, katika uchaguzi wa namna hii, mwenye kuchagua kwa hakika si yule asimamaye kituoni na kalamu mkononi, bali ni yule aliyekaa miezi mingi kabla yake akaamua karatasi ioneshe nini na isitiri nini.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limejidhihirisha zaidi kuliko North Carolina, ambako majaji 15 wa rufani huchaguliwa na jimbo zima kwa muhula wa miaka 8. Mwanzoni mwa karne hii bunge la huko lilitaka kuwaepusha majaji na siasa. Likaviondoa vyama katika karatasi yao tangu uchaguzi wa 2004, na likatenga fungu la fedha za umma ili mgombea asilazimike kupitisha bakuli kwa mawakili ambao kesho watasimama mbele yake. Nia ilikuwa njema, na lile la fedha nalisifu mpaka leo. Walakini mwaka 2010, jaji mmoja alipopandishwa kwenda mahakama ya shirikisho, walijitokeza watu 13 kukitaka kiti chake, na wapiga kura wakaambiwa waoneshe chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Cressie Thigpen akaongoza kwa chaguo la kwanza, lakini kuhesabiwa kwa yale yaliyosalia, kazi iliyoendelea hadi Desemba, kukampa ushindi Doug McCullough. Njia hiyo ikaachwa. Mwaka 2014, fungu la fedha za umma likiwa limekwisha kufutwa, wakatokea 19 kwa kiti kimoja, hakuna mwenye alama ya chama, na John Tyson akakitwaa kwa pungufu ya robo ya kura. Zaidi ya watu watatu katika kila wanne walimtaka mtu mwingine, na sidhani kama wengi wao wangeweza kueleza kwa nini walimtaka huyo mwingine.

Ndipo bunge, ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa Warepublikan, liliporudisha majina ya vyama kwa mahakama ya rufani peke yake, katika uchaguzi wa 2016, na kwa kuwa gavana alikuwa wa chama hicho, wagombea wake wakaandikwa wa kwanza katika kila kiti. Katika karatasi hiyo hiyo kilikuwamo kiti kimoja cha mahakama ya juu, ambacho sheria ilikuwa bado inakiacha bila ya chama, na hapo jina la Michael Morgan, ambaye ni Mdemokrat, lilitangulia lile la jaji aliyekuwa kitini, Robert Edmunds, ambaye ni Mrepublikan. Ilipokuja hesabu, viti vyote 5 vya rufani vilikwenda kwa Warepublikan, na kile kimoja cha juu kikaenda kwa Morgan, tena kwa asilimia zipatazo 54. Rais Obama alikuwa amemuunga mkono Morgan, nami sikatai kwamba hilo lilimfaa. Lakini hili ni jimbo ambalo siku hiyo hiyo lilimpa Donald Trump ushindi, na wapiga kura walikuwa ni wale wale. Wengi waliochunguza habari hii waliona kwamba watu kadhaa, wakiisha kuzoea kuwa jina la juu ni la Mrepublikan, waliendelea kutia alama juu bila ya kutazama. Nadhani bunge nalo liliona hivyo hivyo, maana mwezi uliofuata tu lilitunga sheria ya kurudisha vyama katika mahakama ya juu pia.

Na huyo McCullough habari yake haikwishia hapo. Mwaka 2017, gavana akiwa sasa ni Mdemokrat, Roy Cooper, bunge lilipitisha sheria ya kuwapunguza majaji wa rufani kutoka 15 hadi 12, kwa njia ya kutovijaza viti vya watakaostaafu, ili gavana asipate kuteua warithi wao. McCullough, aliye Mrepublikan, alikuwa ukingoni mwa umri wa kustaafu. Gavana alikuwa amekwisha kuipiga turufu sheria hiyo na bunge lilikuwa linajiandaa kuitangua turufu yake, ndipo McCullough akajiuzulu kiasi cha mwezi mmoja kabla ya siku yake, na Cooper akapata nafasi ya kumteua John Arrowood. Alieleza kuwa hakupenda kuacha nyuma yake kiti kilichofutwa na mahakama iliyodhoofishwa. Sheria ile ilikuja kufutwa mwaka 2019. Mtu huyu namtaja kwa heshima. Na tangu siku aliyowashinda wenziwe 12 hakuna karatasi ya kura iliyoweza kumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa na moyo wa namna hiyo.

Huko Illinois alama yenye hatari imekuwa ni jina. Chicago ina Waairishi wengi, na yajulikana siku nyingi kwamba jina la Kiairishi huvuta kura katika viti vya ujaji. Ikawa mawakili wanakwenda kubadili majina yao kisheria kabla ya kugombea, hata mwaka 2007 bunge likalazimika kuagiza kwamba aliyebadili jina katika miaka 3 iliyotangulia aandikwe pamoja na lile la zamani. Nilicheka nilipoisoma habari hiyo, kisha kicheko kikanikatika, maana mawakili hao waliwajua wapiga kura wao kuliko wapiga kura walivyowajua wao.

Texas, kwa upande wake, haifichi vyama. Jaji wa rufani hugombea muhula wa miaka 6 kama mwanasiasa yeyote, na huko Houston, mji ambamo siku hizi wamo Wakongomani, Wakenya na Watanzania waliopata uraia wa huko, mpiga kura hukabidhiwa karatasi ndefu mno, ambayo sehemu yake kubwa ni ya ujaji, tena ikiwa na mahakama mbili za rufani zenye mamlaka juu ya kaunti 10 zile zile. Novemba 2018 Beto O'Rourke, Mdemokrat, alipambana na Ted Cruz, Mrepublikan, kwa ajili ya kiti cha Seneti. Wademokrat wa mijini wakatoka kwa wingi, na kwa kuwa sheria ya wakati huo iliruhusu alama moja iwe kura kwa chama kizima, kuanzia seneta mpaka wa mwisho, majaji Warepublikan wa rufani katika Houston, Dallas na Austin waling'olewa kwa mkupuo. O'Rourke mwenyewe alishindwa. Ruhusa ya alama moja imekwisha kuondolewa tangu uchaguzi wa 2020, lakini jina la chama lingali pale.

Yapo majimbo yaliyojaribu njia ya kati. California tangu 1934 na Missouri tangu 1940, jaji huteuliwa, kisha baada ya muda watu huulizwa: abaki au aondoke, na Pennsylvania humchagua kwanza kwa vyama, halafu kila baada ya miaka 10 huuliza swali hilo hilo. Ubaya wake ni kwamba watu hujibu ndiyo karibu siku zote, kwa kuwa hawana la kumshikia. Hata hivyo njia hii naipenda zaidi kuliko nyingine zote, maana anayeulizwa juu ya mtu mmoja aliyekwisha kufanya kazi angalau anaweza kwenda kuitazama kazi yake. Na pale ambapo lazima kuchagua baina ya wawili, basi chama kiandikwe, kwa kuwa hiyo ni habari ya kweli juu ya mtu, ilhali kutangulia kwa jina si habari ya chochote.

Ila kuandika chama hakumalizi hila, kwani mwenye kutaka kushinda akishindwa kuigeuza karatasi anaweza kuigeuza ramani. Mashauri dhidi ya serikali ya Texas aghalabu yalikuwa yakiishia katika mahakama ya rufani ya Austin, ambayo wapiga kura wake ni wa kaunti 24 tu, na ambayo tangu 2018 ilikuwa mikononi mwa Wademokrat. Mwaka 2023 bunge likaunda mahakama mpya ya rufani, ya 15, ikapewa mashauri hayo, na wapiga kura wake wakawa ni jimbo zima; ikafunguliwa Septemba 2024 kwa majaji watatu walioteuliwa na Gavana Greg Abbott. Kaunti ya Dallas ilipinga, na Mahakama ya Juu ya Texas, ambayo majaji wake wote ni Warepublikan, ikaamua kwamba katiba haikuvunjwa. Yamkini haikuvunjwa. Lakini mkazi wa Austin atakayekutana na viti hivyo katika karatasi yake ataachiwa kuchagua jina alitakalo kati ya yaliyomo. Ama achague pamoja na nani, hilo limekwisha kuamuliwa bila yeye.