Usimchape Mbwa kwa Alichokula

Wafugaji wa mbwa wana aibu moja wanayoinong'ona hata mbele ya daktari wa mifugo: mbwa wao anakula mavi. Tena si mbwa koko wa jalalani, ni huyuhuyu anayeogeshwa kwa sabuni ya kunukia na kuwalamba watoto usoni. Kwa kuwa jambo hili halisemwi hadharani, kulieleza kumeachiwa majirani na wauza dawa, na mengi wasemayo hayana kichwa wala miguu.

Linalotangulia kila mara ni njaa. Eti mbwa hashibi, au ugali na dagaa havimpi virutubisho vya kutosha. Ukweli upo kidogo. Minyoo, kisukari, kongosho lililochoka na baadhi ya dawa, hasa za steroidi, humwongezea mbwa njaa mpaka ale chochote. Kwa hiyo mbwa mkubwa aliyeanza kula mavi ghafla, au anayekonda ilhali anakula vizuri, apelekwe kwa daktari kabla ya lolote. Ila wengi wao ni wazima kabisa. Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwahoji wafugaji wa Marekani, na katika ripoti yao ya 2018 karibu asilimia 16 ya mbwa walikuwa wameonekana wakila mavi mara sita au zaidi. Aina ya chakula haikuwatofautisha na wenzao. Kilichowatofautisha ni ulafi: hata chakula chao cha kawaida hukifakamia. Na mavi wanayoyataka ni mabichi, ya siku moja au mbili.

Huo ubichi ndio uliomfikirisha Hart. Anakisia kwamba tabia hii imerithiwa kutoka kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi, asili ya mbwa wetu wa nyumbani (si hawa wenye mabaka wa Selous). Mayai ya minyoo mingi huhitaji siku kadhaa nje ya mwili kabla hayajaweza kuambukiza. Anayekula mavi mapema karibu na pango anasafisha malazi ya kundi zima. Ni dhana tu, lakini inaeleza mengi kuliko hadithi ya njaa. Jike mwenye watoto hufanya hivyohivyo kila siku katika wiki za mwanzo, wala hakuna la kumrekebisha.

Halafu kuna dawa: unga wa kuchanganya kwenye chakula, nanasi, pilipili ya kunyunyizia palepale mavi yalipo. Wafugaji waliohojiwa na Hart walikuwa wamejaribu bidhaa za dukani za kila namna, na hakuna iliyofaulu zaidi ya mara mbili katika mia. Hata kumwamuru mbwa aache kulisaidia wachache mno. Inayobaki ni kazi isiyo na sifa, yaani koleo. Mtoe mbwa akiwa na kamba baada ya kula, msubiri amalize, mwite papo hapo na umpe kipande cha nyama, kisha okota kabla hujamfungua. Asiyetaka kuokota asilalamike.

Wanaoshika fimbo, au kumsugua mbwa pua kwenye uchafu, wanafundisha somo jingine kabisa. Mtazame mbwa aliyezoea kuchapwa: akiisikia ndala yako ikikaribia nyuma ya tangi la maji, hatemi; anameza haraka, masikio yamelala. Amejifunza kwamba ukifika unamnyang'anya, basi awahi.

Kuhusu mbwa kula majani, wasiwasi ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Inasemwa kwamba mbwa hula majani akiwa mgonjwa, ili atapike. Uchunguzi mwingine wa Davis, wa 2008, ulikuta kwamba wasiofikia mmoja kati ya kumi walionekana wagonjwa kabla ya kula, na kama mmoja kati ya watano ndio waliotapika mara kwa mara baadaye. Cha kuogopa ni dawa ya magugu iliyopulizwa kwenye majani hayo.

Nisilolivumilia ni lile la mlinzi: mbwa wa geti alishwe matumbo mabichi ili awe mkali. Ukali hautoki kwenye utumbo wa mbuzi. Kinachotoka humo ni tegu mdogo ambaye mbwa humbeba bila dalili yoyote, na mayai yake yakimfikia binadamu huota uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Waturkana wa Kenya waliteseka nao kiasi kwamba shirika la afya la AMREF lilianza mradi wa kuudhibiti mwaka 1983. Chemsha matumbo, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Mbwa anayenguruma juu ya sahani naye huambiwa anataka ubwana, anyang'anywe chakula ajue nani mwenye nyumba. Huyo ana hofu ya kuibiwa, na ukimnyang'anya umeithibitisha. Ukimpiga ataacha kunguruma. Siku nyingine atauma bila onyo. Pita mbali na sahani, tupa kipande kitamu kuliko kilichomo, endelea na safari yako. Siku hadi siku sogea kidogo, mradi mwili wake umelegea. Akikakamaa, rudi nyuma. Watoto wasiguse zoezi hili, na kama ameshamuuma mtu, mwite daktari kabla ya kuanza.