Kijana, hesabu marobota kabla ya kuhesabu mizoga

Kijana mwenzangu, hebu nikuulize swali moja. Ng'ombe mmoja wa mzee wako anakula kilo ngapi za nyasi kwa siku? Najua unaweza kunitajia bei yake sokoni, rangi yake, hata mama yake alinunuliwa wapi. Lakini kilo za chakula? Hapo wengi wetu tunakwama, na hapo ndipo ukame hutupata.

Hatujasahau yaliyotokea juzi tu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika kaunti kame za Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 iliangamia. Mizoga ilitapakaa Marsabit, Wajir, Samburu na Kajiado, na vijana waliotarajia kurithi mifugo walirithi ngozi. Wengi wa wanyama hao waliuawa na njaa na kiu.

Ukame hatuwezi kuuzuia. Njaa ya ng'ombe, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini lazima tufanye hesabu, tena mapema.

Chukua ng'ombe wa kilo 300. Kwa kawaida anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 7.5. Robota la nyasi la kilo 15 linamtosha siku mbili. Ukiwa na ng'ombe 10, hayo ni marobota matano kwa siku. Kiangazi cha siku 90 kitakula marobota 450. Tuseme robota ni shilingi 300: unahitaji shilingi 135,000. Ukingoja hadi malisho yaishe kabisa ndipo uanze kutafuta, bei itakuwa imepaa na lori la nyasi litakupita likienda kwa aliyelipia mapema.

Sasa geuza hesabu. Mvua ikichelewa, uza watatu wangali na nyama mwilini. Hata ukipata shilingi 40,000 kwa kila mmoja, una 120,000 mkononi. Saba waliobaki wanahitaji marobota 315, ambayo ni shilingi 94,500. Watatu wamelisha saba. Ukikataa kuuza kwa sababu ya fahari ya kundi kubwa, utauza mifupa kwa bei ya kutupa, au hutauza kabisa.

Haya si maarifa ya siri. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina kituo Kiboko, Makueni, ambacho kwa miaka mingi kimechunguza nyasi za maeneo kame kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Vitabu vipo, programu za simu zipo. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha maabara. Nyanya yako ana jina la nyasi hiyo kwa lugha yake, kitabu kina jina la Kilatini, na wewe uko katikati, huna hili wala lile.

Msimamo wetu ni huu: maarifa ya malisho yanapaswa kumfikia mchungaji kwa lugha anayoielewa. Tangu Katiba ya 2010, huduma za ufugaji ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti zitoe karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, sauti fupi ya WhatsApp kwa lugha ya mama, na kipindi cha redio kabla ya kiangazi, si baada yake. Hili si suala la urembo wa lugha. Mabua makavu ya mahindi yanaweza kuboreshwa kwa urea, lakini urea ikizidi ni sumu, na ndama mchanga hafai kupewa kabisa. Kijana akikosea kusoma kipimo, anaamka na zizi tupu.

Aidha, tusidhani kila kitu kinatoka kwa wataalamu. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua ni wapi palishwe wakati wa mvua, wapi kiangazi, na wapi pahifadhiwe hadi ukame ubishe hodi. Wamaasai wana olopololi, malisho yaliyotengewa ndama na wanyama dhaifu. Hiyo ni sayansi ya kupumzisha nyasi. Kaa na mzee umuulize, kisha ulinganishe na kitabu.

Nawe kijana, usingoje kaunti. Bando unalochoma ukitazama video za TikTok linatosha kukufunza mengi. Anza na mkanda wa kupima kifua cha ng'ombe ili ukadirie uzito wake. Tenga kipande cha shamba, hata kama ni nusu ekari, upande nyasi. Zikate zinapoanza kutoa maua, maana zikikomaa na kukauka shambani zinabaki mabua matupu. Fundi wa mbao wa mtaani anaweza kukutengenezea kisanduku cha kufungia marobota kwa mkono. Majirani watakuletea nyasi zao uwafungie, nawe ulipwe. Hiyo ni kazi, tena si lazima uende Nairobi kuitafuta.

Na usidanganyike kwamba nyasi tupu zitamnenepesha ng'ombe. Zinamvusha kiangazi. Akitakiwa kuongeza nyama, anahitaji chakula chenye protini, chumvi ya madini na maji ya kutosha.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wakizungumzia nyasi. Nyasi huoza, ukizifunga mbichi au ukizilaza kwenye sakafu yenye unyevu. Zikaushe vizuri, ziinue juu ya mbao, zifunike. Kisha jioni ya leo, kabla hujalala, hesabu ng'ombe walio zizini na marobota yaliyo ghalani. Kama hesabu hazilingani, mwamshe mzee mzungumze. Ni heri kumkatiza usingizi usiku mmoja kuliko kumwona akikokota mizoga kiangazi kizima.