Duka la Serikali: Tuukumbuke Ukweli Wote

Kila Sikukuu inapokaribia, njia ya kutoka Darajani hadi Mchangani na Mlandege hufurika watu. Wazazi huwashika watoto wao mikono wasipotee, wauzaji hunadi kwa sauti, na bei ya kanzu ya mtoto hupanda na kushuka kwa kadiri muuzaji anavyoupima uso wa mnunuzi. Ndipo wazee wetu walioketi barazani hutikisa vichwa na kukumbushana kwamba zamani palikuwa na duka la Serikali. Hulitaja kwa huzuni, mithili ya mtu anayemtaja jamaa yake aliyefariki. Leo tumeonelea tuyatazame maneno hayo kwa makini, kwa kuwa ndani yake hamna kumbukumbu tu, bali mna dai. Na dai la wananchi haliachwi likapita bila ya kujibiwa.

Vijana wetu wengi hawakuliona duka hilo. Hata sisi tulio katika miaka ya arubaini tuliyakuta maduka hayo yamekwisha kudhoofika, na mengi tunayoyajua tumeyapokea kwa wakubwa wetu. Kwa hivyo yafaa kwanza tueleze lilikuwa ni kitu gani na lilitokana na nini.

Kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, uagizaji wa bidhaa na biashara ya jumla katika visiwa hivi ulikuwa mikononi mwa watu wachache. Mkulima mdogo aliuanza msimu wa karafuu akiwa tayari ana deni dukani, na alipovuna, fedha zilirudi pale pale zilikokopwa. Serikali ya Mapinduzi, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, ilichukua hatua moja baada ya nyengine kuiweka biashara kubwa mikononi mwa umma. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake za ZSTC, nalo likawa ndilo mnunuzi wa karafuu za wakulima. Maduka ya Serikali, Unguja na Pemba, yalikuwa ni upande wa pili wa mpango huo huo: karafuu zikienda nje, bidhaa zirudi zimfikie mwananchi.

Anayelieleza duka hilo huanza na mpangilio wake. Chini ya paa moja palikuwa na upande wa nguo, zilipopangwa khanga, vikoi, kaniki na majora ya vitambaa vya kushonea sare za skuli. Palikuwa na upande wa vyombo: sufuria, masinia, mabakuli na chupa za chai zenye maua, ambazo katika nyumba nyingi hadi leo huhifadhiwa kabatini zisiguswe na watoto. Palikuwa na kandili na majiko ya mafuta, redio na betri zake, sabuni, viatu na madaftari. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo ilitoka China na nchi nyengine za kijamaa zilizokuwa marafiki wa Mapinduzi yetu.

Lakini ukiwasikiliza wazee kwa muda, utatambua kwamba wanachokililia hasa si chupa ya chai. Wanakililia kitu kimoja: bei. Bei ilikuwa moja. Mtoto akitumwa alirejea na chenji ile ile ambayo angerejea nayo baba yake. Mtu wa Micheweni aliyekuja Chake Chake kwa miguu na karani wa afisi walitazama bei ile ile, na hapakuwa na haja ya kujua kubishana wala kujuana na mwenye duka. Kwa watu ambao wazazi wao walidhalilishwa mbele ya meza za wakopeshaji, jambo hilo lilikuwa ni heshima. Ndio maana tunasema kwamba kumbukumbu hiyo si ya kuchekwa.

Hata hivyo, atakayeishia hapo atakuwa ameeleza nusu ya habari. Hao hao wazee, wakiulizwa kwa upole, watakusimulia nusu ya pili. Watakusimulia foleni zilizoanza kabla ya sala ya alfajiri. Watakusimulia miaka ya mwanzo ya 1970, Serikali ilipopunguza sana uagizaji wa chakula kutoka nje kwa shabaha ya kujitegemea, na mchele, sukari na unga vikawa vinagawiwa kwa kipimo. Watakusimulia siku ambayo duka zima lilikuwa na bidhaa ya aina moja, na mtu alinunua asichokihitaji kwa kuchelea kwamba kesho hata hicho hakitakuwapo. Tena watakusimulia mlango wa nyuma. Bei ilikuwa moja, kweli. Lakini bei moja haimsaidii mtu ikiwa bidhaa imekwisha kutolewa usiku kwa kibali cha mkubwa, na kesho yake inauzwa mtaani na mlanguzi kwa bei maradufu.

Sisi wana wa Chama kilichorithi jasho la wakwezi na wakulima hatuna budi kulikiri hilo bila ya kutafuna maneno. Kujikosoa ni sehemu ya mafunzo yetu, na hakuna faida ya kujikosoa kwa mambo madogo tu. Wako waliopewa dhamana ya duka la umma wakaligeuza ghala la jamaa na marafiki. Aliyeliumbua duka la Serikali mbele ya wananchi, kabla ya mpinzani yeyote wa nje, ni yule aliyekuwa na ufunguo wake.

Lakini udhaifu wa watu peke yake hautoshi kueleza kuanguka kwake. Kulikuwa na sababu mbili za kiuchumi ambazo zafaa zikumbukwe na kila anayepanga mambo leo. Ya kwanza ni kwamba duka lile lilisimama juu ya mguu mmoja, nao ni karafuu. Pemba, inayotoa sehemu kubwa ya karafuu zetu, ndiyo iliyojaza rafu za Unguja na Pemba pia. Indonesia, ambayo ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipopanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, bei ya zao hilo duniani iliporomoka katika miaka ya 1980. Fedha za kigeni zikapungua, na rafu zikabaki tupu. Wakati huo huo mkulima, akilipwa sehemu ndogo ya thamani ya zao lake, alishawishika kulivusha kwa magendo hadi ng'ambo, ijapokuwa adhabu ilikuwa kali. Duka lililonuiwa kumtumikia likawa linapoteza mali kwa sababu yeye mwenyewe hakulipwa haki yake.

Sababu ya pili ni kwamba bidhaa zilichaguliwa afisini. Hapakuwa na njia ya mama wa Makunduchi au Wete kusema anataka nini, wala hapakuwa na hasara iliyompata karani ikiwa kitu kimekaa rafuni hadi kikaota kutu. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika duka lile, kibaya hakikuwa na haja hata ya kujitembeza, maana hapakuwa na chengine.

Kwa hivyo, mwaka 1984, katika uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilipofunguliwa na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, wananchi wengi walipumua. Maduka ya mjini yalijaa tena. Kwa miaka kadhaa ndugu zetu wa Bara walivuka bahari kuja kununua kwetu redio, televisheni na nguo zilizotoka Dubai. Faida hiyo ilipungua katika miaka ya 1990, ushuru wa pande mbili za Muungano ulipokaribiana, na badala yake ukaja utalii.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo linalotufanya tuandike. Tazameni mji wetu ulivyo sasa. Katika njia za Shangani na Barabara ya Kenyatta, walikokwenda wazee wetu kununua vitambaa na vyombo, duka baada ya duka huuza vinyago, picha za kuchora na viungo vilivyofungwa vizuri kwa ajili ya mgeni. Hatuupingi utalii, unawalisha watoto wetu wengi. Lakini mwenyeji hupita njia hizo kama msafiri, na mara nyengine hukuta bei imeandikwa kwa dola. Mwaka 2025 zilitolewa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Ni kanuni njema, na sasa zinahitaji mtu wa kuzisimamia mlangoni mwa duka.

Kwa upande mwengine, Serikali inajenga. Pale Michenzani, pembeni mwa majumba ya maendeleo yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, limesimama jengo kubwa la biashara la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Jumbi na Mwanakwerekwe yamejengwa masoko mapya makubwa. Tunaipongeza Serikali kwa kazi hiyo. Lakini tunakumbusha kwamba majengo haya nayo ni ya wananchi: ama yamejengwa kwa kodi zao, ama kwa michango ya wafanyakazi inayokatwa kila mwezi. Yakiendeshwa vibaya, yatakuwa na foleni na mlango wa nyuma wa aina mpya: foleni ya wanaosubiri kupangishiwa, na mlango wa nyuma wa aliyepata vizimba vitano kwa majina matano ili avipangishe tena kwa bei ya juu.

Kwa hivyo tunatoa rai ifuatayo kwa wanaohusika. Kwanza, kila duka na kila kizimba kilichomo katika jengo la umma kiandike bei zake waziwazi, kwa shilingi, na bei hiyo iwe moja kwa kila mnunuzi. Hilo halihitaji fedha za kigeni wala halimnyimi mfanyabiashara uhuru wake. Pili, orodha ya waliopewa vizimba ibandikwe hadharani sokoni, ili mwenye kulalamika awe na pa kuanzia. Tatu, ukaguzi wa mizani, vipimo na tarehe za mwisho wa matumizi uwe wa kila wiki, usingojee Ramadhani. Sote tuliopita chuoni tunajua kwamba Qurani ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo. Haifai jambo zito kiasi hicho liachiwe mwezi mmoja wa mwaka. Nne, Pemba isiwe ya kupelekewa mabaki. Kisiwa kilichojaza rafu zetu kwa miongo kina haki ya masoko yenye hadhi sawa na ya Unguja.

Aidha, tunawaomba wazee waliofanya kazi katika maduka ya Serikali wasiondoke na habari zao. Vitabu vya hesabu, picha na stakabadhi zilizobaki masandukuni zipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Taifa lisilojua kwa nini rafu zake zilijaa, na kwa nini zilikuja kuwa tupu, litayarejea makosa yale yale ndani ya majengo mazuri zaidi.

Anayelikumbuka duka la Serikali kwa mapenzi asidharauliwe, na anayelikumbuka kwa uchungu asinyamazishwe. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anatukumbusha kwamba mtu maskini anayo haki ya kuingia dukani akiwa ameinua kichwa. Wa pili anatukumbusha kwamba haki hiyo haikai katika jengo lisilo na bidhaa wala mikononi mwa mtu asiyeulizwa. Wenye funguo za masoko yetu ya leo tunawataka wawasikilize wote wawili, kabla ya Sikukuu nyengine haijafika.